Nimeitwa kutumika mahali pageni, lakini moyo hautulii: je, niende?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka tisa nimefundisha Shule ya Jumapili katika usharika wangu. Mwezi uliopita uongozi wa kanisa uliniomba niende kutumika kwa miaka mitatu katika kituo kipya, mbali na nyumbani, ambako simjui mtu hata mmoja na lugha ya wenyeji siijui vizuri. Nimeomba na kufunga, na ninaamini kwamba wito huu ni wa Mungu, lakini kila usiku naamka saa nane na usingizi haurudi. Mama yangu ni mzee, na mimi ndiye ninayemwangalia. Wenzangu katika kikundi cha maombi wananiambia kwamba wito wa kweli huja na amani, na kwamba nisiondoke mpaka niipate. Je, kukosa amani ni dalili kwamba Mungu hajanituma? Na kama amenituma, amani hiyo nitaipata wapi?

Jibu: Amina, dada yangu, asifiwe sana. Nianze na lile linalokuamsha usiku. Kutotulia kwa moyo hakutoshi kuwa ushahidi kwamba Mungu hajakutuma, kama vile kutulia peke yake kusivyotosha kuwa ushahidi kwamba amekutuma. Wenzako wanakupenda, na sina shaka na nia yao. Lakini kanuni waliyokupa, kwamba anayetumwa na Mungu hupewa kwanza utulivu ndipo aondoke, nimeitafuta katika Maandiko kwa miaka mingi ya kuwashauri watumishi wanaohamishwa, na sijaiona. Ninachokiona humo ni kwamba mara nyingi amani hukutana na mtu akiwa tayari yuko njiani.

Wafikirie watu wawili. Yona aliambiwa aende Ninawi, akapanda merikebu iliyokuwa ikielekea upande mwingine kabisa, na tufani ilipovuma yeye alikuwa ameshuka pande za ndani akajilaza, akapata usingizi mzito (Yona 1:5). Mabaharia wapagani walikuwa wakimlilia kila mtu mungu wake, na nabii aliyekuwa akimkimbia Bwana ndiye aliyelala. Sasa mtazame Bwana wetu katika Gethsemane, akiwa ndani kabisa ya mapenzi ya Baba yake, akiwaambia wanafunzi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa (Mathayo 26:38). Kama utulivu ungekuwa ndiyo mizani ya utii, tungelazimika kusema kwamba Yona ndiye aliyekuwa sawa usiku ule.

Kanuni ya wenzako, nadhani, imetoka Wakolosai 3:15, panaposema, «Na amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu.» Nimeusikia mstari huu ukitumiwa kuamua ndoa, kazi na safari, kwa hiyo uniruhusu nikae hapa kidogo. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa «iamue» ni la uwanja wa mashindano. Lilitumika kwa kazi ya mwamuzi ambaye hutoa uamuzi kati ya washindani. Na washindani wenyewe ni akina nani? Soma kuanzia mstari wa 12: Paulo anazungumza juu ya rehema, utu wema, kuchukuliana, na kusameheana mtu akiwa na sababu ya kumlaumu mwenzake, kisha anasema kwamba amani hiyo ndiyo tuliyoitiwa «katika mwili mmoja». Mwamuzi huyu anasimama kati ya ndugu na ndugu, ili ugomvi usishinde upendo kanisani. Paulo hazungumzii pale hisia ya ndani ambayo mtu anaisubiri ili ajue aende wapi. Ukitaka kuutumia mstari huu katika jambo lako, uulize hivi: je, nitaondoka nikiwa nimepatana na watu ninaowaacha? Kama kuna mtu katika usharika ambaye hamjasemeshana tangu mwaka jana, mwende kabla hujafunga mizigo.

Hata hivyo, kuna kisa kimoja ambacho kinakuhusu kuliko vyote, na kwa bahati mbaya huhubiriwa mara chache. Katika 2 Wakorintho 2:12–13 Paulo anasema kwamba alifika Troa kwa ajili ya Injili, na mlango ukafunguliwa kwake katika Bwana. Hakuna wito ulio wazi zaidi ya huo: mahali papya, watu walio tayari kusikia, na mlango ambao Mungu mwenyewe ameufungua. Kisha anaongeza kwamba hakuona raha nafsini mwake, kwa kuwa hakumwona Tito ndugu yake. Akawaaga, akaenda Makedonia. Angeweza kuificha habari hiyo, lakini aliiandika waziwazi, na kanisa limeisoma tangu wakati huo kama Neno la Mungu.

Wala raha haikumngoja ng'ambo. Katika sura ya 7, mstari wa 5, anasema kwamba hata walipofika Makedonia miili yao haikupata nafuu; walidhikika kote kote, «nje palikuwa na vita, ndani hofu». Ndipo unakuja mstari wa 6, ambao ningependa uukariri: Mungu, mwenye kuwafariji wanyonge, aliwafariji kwa kuja kwake Tito. Mtume aliyekuwa amenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu hakutumiwa maono usiku ule wala hakutokewa na malaika. Alitumiwa rafiki, aliyefika kwa miguu yake akiwa na habari za watu ambao Paulo alikuwa akiwahofia. Faraja ya Mungu ilikuwa na jina, tena ilikuwa na vumbi la njiani.

Kwa hiyo usione aibu kwamba kutomjua mtu kunakutisha. Hofu hiyo si upungufu wa imani. Paulo huyohuyo anawakumbusha Wakorintho kwamba alikuwapo kwao «katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi» (1 Wakorintho 2:3), nasi tunajua kutoka Matendo 18 kwamba Bwana alisema naye kwa maono usiku katika mji huo, akamwambia asiogope bali anene, kwa maana yuko pamoja naye, naye ana watu wengi katika mji ule. Angalia neno hilo lilitolewa wakati gani. Paulo hakuambiwa kabla ya kuja; aliambiwa akiwa tayari ameshapokelewa na Akila na Prisila, ameshashona hema pamoja nao, na ameshapingwa katika sinagogi. Na watu wale «wengi» hakuwa anawajua bado. Mungu aliwajua kwanza, na ndiyo maana mtume aliweza kukaa hapo mwaka mmoja na miezi sita.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, la wapi amani hiyo hupatikana, maana hili ndilo zito. Usiku ule wa kusalitiwa Bwana aliwaambia wanafunzi, «Amani yangu nawapa, niwapavyo mimi sivyo kama ulimwengu utoavyo» (Yohana 14:27). Ulimwengu hutoa amani kwa kuondoa kinachosumbua, nasi hatuwezi kuudharau kwa hilo, kwa sababu maumivu yakiondolewa kweli mtu hupumzika. Lakini Yesu alisema maneno hayo saa chache kabla ya msalaba, na hakuna alichokiondoa. Alichoahidi katika sura hiyohiyo ni kwamba hatawaacha yatima, kwamba Msaidizi atakaa nao. Amani yake ni kuwapo kwake. Musa alilielewa hilo zamani. Alipoambiwa kwamba uso wa Bwana utakwenda pamoja naye na kumpa raha, hakuuliza njia ikoje wala maji yako wapi, bali alijibu kwamba uso huo usipokwenda pamoja naye, basi wasichukuliwe kutoka pale (Kutoka 33:14–15).

Na Paulo anapowaandikia Wafilipi kwamba amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yao na nia zao, anatumia neno la kijeshi, la askari wanaolinda mji. Wafilipi walilielewa vizuri, kwa maana mji wao ulikuwa koloni la Kirumi ambamo askari wastaafu walikuwa wamepewa makazi. Yeye mwenyewe alikuwa katika vifungo, chini ya ulinzi wa askari. Askari hawekwi langoni mahali pasipo na tishio. Kwa hiyo ukisikia hofu ikigonga usiku, usihitimishe kwamba mlinzi hayupo. Mlinzi ni wa nyakati kama hizo. Dalili kwamba amani hiyo inakulinda ni kwamba asubuhi bado unaomba, bado unawapenda watu, na bado huwezi kuukana wito, hata kama macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

Wako watumishi ambao hata hisia ya faraja waliikosa kwa muda mrefu sana. Mama Teresa alitoka katika nyumba ya watawa mwaka 1948 ili akae kati ya maskini wa Kolkata, na barua zake zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya utumishi ule alikuwa akitembea katika giza la ndani, asisikie uwepo wa Mungu aliyekuwa akimtumikia kila siku. Sikutajii habari hizi ili uzitamani au uzitarajie. Wengi hawapitishwi njia hiyo. Nakutajia ili uwe na jibu siku utakapoambiwa kwamba moyo mkavu ni moyo ulioachwa.

Baada ya kusema hayo yote, sitaki uelewe kwamba kila fadhaa ipuuzwe. Ndani ya kutotulia kwako nasikia sauti zaidi ya moja, na ni muhimu uzitenganishe. Kuna hofu ya ugeni, ambayo nimeizungumzia. Kuna huzuni ya kuacha watoto uliowafundisha kusali. Hiyo ni upendo tu, na haihitaji dawa wala toba. Lakini umemtaja mama yako katika sentensi moja fupi, katikati ya barua, kisha ukaharakisha kuendelea. Mimi nadhani hiyo ndiyo inayokuamsha saa nane.

Kama ni hivyo, huenda unachokiita kukosa amani ni dhamiri inayodai jibu la kweli. Bwana Yesu aliwakemea vikali watu waliotumia neno «Korbani», yaani kilichowekwa wakfu kwa Mungu, ili wasimsaidie baba au mama (Marko 7:9–13). Utumishi hauwezi kuwa njia ya kumkwepa mzazi. Na Bwana huyohuyo, akiwa msalabani katika kazi kubwa kuliko zote alizotumwa, alimwona mama yake, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake (Yohana 19:26–27). Hakushuka msalabani kwa ajili ya Mariamu, lakini pia hakumwacha bila mtu wa kumtunza, wala hakusema kwa ujumla tu kwamba Mungu atamwangalia. Alimtaja mtu.

Basi fanya vivyo hivyo. Keti na mama yako, umweleze jambo lote, umsikilize mpaka amalize, bila kumjibu kwa mistari ya Biblia. Keti na ndugu zako, mkubaliane nani atakaa naye, nani atamfikisha hospitali, dawa zake zitalipwa na nani, na wewe utarudi kumwona kila baada ya muda gani. Uambie uongozi wa kanisa kwamba hayo ni sehemu ya jibu lako. Kanisa linalomtuma binti lina wajibu pia kwa mama anayebaki. Ikiwa mambo hayo hayawezi kupangwa kabisa, ikiwa kweli hakuna mtu mwingine, basi huenda jibu la uaminifu ni «bado», na kusema hivyo hakutakufanya uwe umeuasi wito. Yapo mambo ambayo maombi hayayatulizi kwa sababu yanasubiri mikono yetu, na nimewaona watu wakifunga siku nyingi kwa ajili ya jambo lililohitaji mazungumzo ya jioni moja.

Ukienda, nina neno la kukuambia kuhusu miezi ya mwanzo, na hili nalisema kwa kosa langu mwenyewe. Nilipohamishiwa kituo changu cha pili, niliweka sanduku la vitabu nyuma ya mlango wa chumba na sikulifungua. Nilijiambia kwamba rafu haijapatikana. Kila asubuhi nililipita, kamba ikiwa bado imefungwa kama nilivyoifunga nilikotoka, na kila jioni niliandika au kupiga simu kwa watu wa kule nilikotoka. Ilipita miezi mitatu. Siku moja mzee wa kanisa, aliyekuja kuniona kwa jambo jingine, aliliangalia sanduku lile kwa muda kisha akaniuliza kwa upole, «Mchungaji, unaondoka lini?» Sikuwa na la kumjibu. Usiku ule nilikata kamba, na ninakumbuka harufu ya vumbi la vitabu vile kuliko ninavyokumbuka mahubiri yoyote niliyohubiri mwaka huo.

Baadaye niliisoma tena barua ya Yeremia kwa watu waliohamishiwa Babeli, katika sura ya 29, nikaiona kwa macho mengine. Nabii Hanania alikuwa ameahidi kwamba mambo yote yangerudi kama zamani ndani ya miaka miwili, na watu waliopewa ahadi ya namna hiyo hukaa juu ya mizigo yao. Yeremia aliwaandikia kinyume chake: wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, wautakie mji ule amani na kuuombea kwa Bwana, «kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani». Katika Kiebrania cha mstari wa 7 neno shalom linarudiwa mara tatu, nalo hubeba maana pana kuliko utulivu wa moyo; ni uzima, ukamilifu, mambo kuwa sawa kati ya watu na Mungu na kati ya mtu na jirani yake. Mungu aliifunga amani yao pamoja na amani ya wenyeji, hata wenyeji ambao hawakuwapenda. Asiyewatakia heri watu wa mahali alipotumwa, hata akiomba usiku kucha, anajinyima kile anachokiomba.

Kwa muuguzi jambo hili liko karibu kuliko kwa mchungaji. Jifunze majina ya wagonjwa na majina ya watoto wao, uyaandike, uyaombee kwa kuyataja. Lugha yao ianze na salamu na maneno ya maumivu, kwa sababu ndiyo utakayoyahitaji, na ukubali kuchekwa unapokosea. Mgeni anayejifunza kutoka kwa wenyeji huacha kuwa mgeni upesi kuliko yule anayewafundisha tu. Tafuta pia Tito wako mapema. Awe mtu mmoja wa kusali naye kila juma, hata kama ni mama mzee asiyejua kusoma, maana cheo chake hakina maana hapa. Na kabla hujaondoka, waombe wawili wa kikundi chako, hata hao wanaokushauri usiende, wawe watu utakaowaeleza ukweli bila kuupamba.

Mwili nao usiusahau, ingawa najua wauguzi huwahimiza wengine kupumzika wao wenyewe wakiwa wamechoka. Elia alipokaa chini ya mretemu akiomba afe, Bwana hakuanza kwa kumhoji. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena, na mkate tena. Swali lilikuja baadaye, Horebu (1 Wafalme 19). Kama hali hii ya kuamka usiku itaendelea kwa wiki nyingi na hamu ya chakula ikapungua, nenda kwa daktari, wala usidhani kwamba kufanya hivyo ni kumwonea Mungu shaka.

Kuna shauri moja la zamani ambalo limewasaidia wengi, nalo ni la Ignasi wa Loyola, padre mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliyeishi kuanzia 1491 hadi 1556: wakati wa giza la moyo, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa unaona vizuri. Giza si wakati wa kuanza safari mpya, wala si wakati wa kughairi ile uliyoianza kwa uaminifu. Kwako nalitumia hivi. Saa nane ya usiku si saa ya kuamua kama umeitwa. Swali hilo liweke mchana, mbele ya mama yako, ndugu zako na wazee wa kanisa, ambako linaweza kujibiwa. Usiku useme kwa sauti ya chini Zaburi 139:9–10, kwamba hata ningekaa pande za mwisho wa bahari, huko nako mkono wako utaniongoza. Ukitaka kulia, lia, kisha ujilaze.

Jibu lako kwa uongozi lisitoke kabla hujazungumza na mama. Waombe wiki mbili zaidi kwa ajili hiyo. Uongozi unaokutuma kwa miaka mitatu unaweza kukungoja siku kumi na nne.